Mazoezi na sonona uzeeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wengi ninaowahudumia wameshavuka miaka 65. Wanaletwa kwa ajili ya goti, nyonga au mkono uliopooza, lakini mara nyingi ninachokutana nacho kwanza ni mtu aliyekata tamaa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, machache na wazee wenyewe, mengi na watoto wao wanaonivuta pembeni na kuninong'oneza. Nimeyaacha karibu na yanavyoulizwa.

Sonona si ndiyo huzuni?

Huzuni ina sababu, na ina mapumziko. Aliyefiwa hulia asubuhi, mchana akacheka mjukuu akifanya kituko, jioni akalia tena. Sonona haimpi mtu nafasi hiyo. Inakaa wiki mbili au zaidi, karibu kutwa nzima, na inamnyang'anya raha ya vitu alivyovipenda: redio inaongea hasikilizi, mgeni anafika haulizi habari za safari. Usingizi unaharibika, chakula hakipandi, mwili unakuwa mzito, na mawazo yanazunguka palepale kwenye makosa ya miaka iliyopita. Wengine huiita unyogovu. Watu pia huichanganya na msongo wa mawazo, lakini msongo hupungua mzigo ukiondoka, ilhali sonona hubaki hata mzigo ulipoondoka zamani.

Baba hasemi kwamba ana huzuni. Analalamika mgongo, tumbo na kukosa usingizi tu. Yaweza kuwa sonona?

Yaweza, tena sana. Wengi wa rika lake hawakulelewa kuzungumzia moyo wao, kwa hiyo mwili ndio unaosema. Ukimuuliza "Una huzuni?" atakujibu hapana na mazungumzo yataishia hapo. Muulize, "Baba, siku hizi unafurahia nini?" kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Mara nyingi urefu wa kile kimya ndio jibu lenyewe.

Lipo dodoso lililotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 mahsusi kwa wazee, ambalo majibu yake ni ndiyo au hapana. Toleo fupi lina maswali 15. Ninachokipenda ni kwamba halihangaiki na tumbo wala maumivu, maana mwili wa mzee una sababu nyingi nyingine za kuuma. Linauliza kama ameacha shughuli zake, kama anaona maisha ni matupu, kama anapendelea kubaki ndani kuliko kutoka. Alama zikizidi 5, daktari ana sababu ya kuchunguza zaidi.

Na achunguze kweli. Tezi ya shingoni ikizembea, damu ikipungua, au vitamini B12 ikiwa chini, mtu hulegea na kukosa raha kwa namna inayofanana mno na sonona. Baadhi ya dawa anazotumia kwa magonjwa mengine zaweza kumfanya hivyo pia. Kipimo cha damu kwanza, viatu vya mazoezi baadaye.

Lakini si ni uzee tu?

Hapana. Wazee walio wengi hawana sonona. Uzee hupunguza kasi ya kupanda ngazi, hauzimi hamu ya kuishi. Neno "uzee tu" limewacheleweshea watu wengi matibabu.

Ni kweli kwamba mazoezi yanatibu sonona, au ni maneno ya kutiana moyo?

Ushahidi upo, na una pande mbili. Nitakupa zote, kwa sababu nimeona familia zikiahidiwa makubwa halafu zikamlaumu mzee alipokosa kupona.

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, wakiongozwa na James Blumenthal, walitangaza matokeo ya watu 156 wenye miaka 50 na kuendelea, wote wakiwa na sonona kamili iliyothibitishwa. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya kutembea kwa kasi na kukimbia polepole, mara 3 kwa wiki, chini ya usimamizi. La pili lilipewa dawa ya sonona iitwayo sertraline. La tatu lilipata vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Dawa ilitangulia kuonyesha matokeo katika wiki za mwanzo, mazoezi yakaikuta njiani. Watu hao walipofuatiliwa miezi 6 zaidi, waliopona kwa mazoezi walikuwa wamerudiwa na ugonjwa mara chache kuliko waliopona kwa dawa.

Mwaka 2005 ukatoka utafiti mwingine wa Australia, wa Nalin Singh, Maria Fiatarone Singh na wenzao, na huu ndio ulionibadilisha ninavyofanya kazi. Watu 60 wenye miaka 60 na zaidi, wote na sonona, waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja lilinyanyua uzito mkubwa kadiri ya nguvu zao, jingine likanyanyua uzito mwepesi, na la tatu likaendelea na huduma ya kawaida ya daktari. Baada ya wiki 8, dalili zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 61 ya walionyanyua uzito mkubwa. Kwa wale wa uzito mwepesi ilikuwa asilimia 29, na kwa waliobaki na huduma ya kawaida asilimia 21. Yaani kumpa mzee kichupa cha maji akipunge hewani si sawa na kumpa kitu kinachomtoa jasho. Sisi wataalamu tumezoea kuwaogopea wazee, na woga wetu wanaulipia wao.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza katika makao 78 ya wazee, wenye wakazi 891. Katika baadhi ya makao hayo wakazi walifanya mazoezi ya kikundi mara mbili kwa wiki yakiongozwa na wataalamu wa fiziotherapia, na wafanyakazi wakafundishwa kuwahimiza wakazi watembee; makao mengine hayakuwa na mazoezi hayo. Kwa upande wa sonona, tofauti kati ya pande hizo mbili haikuonekana. Mwaka huohuo, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 39 za watu wazima wa umri mbalimbali yalikuta kwamba mazoezi yanasaidia kwa kiasi, ila tafiti zilizoendeshwa kwa uangalifu zaidi zilionyesha faida ndogo zaidi.

Maoni yangu? Yule wa makao alikuwa dhaifu zaidi, mgonjwa zaidi, na dozi yake ilikuwa ndogo. Mtu wa kundi la Duke aliweza kukimbia polepole. Hao ni watu wawili tofauti, na jibu la mmoja usimvalishe mwenzake. Anayekuambia "atembee tu, atapona" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Anayekuambia mazoezi ni ya vijana naye amekosea.

Yanafanya nini huko ndani ya mwili?

Mengi kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kuyatenganisha vizuri. Misuli inayofanya kazi hutoa kemikali zinazopoza uvimbe wa chinichini ambao umehusishwa na sonona. Usingizi unakuwa mzito zaidi. Ubongo nao hauketi bure: mwaka 2011 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu wazee 120, ambapo waliotembea dakika 40 mara 3 kwa wiki kwa mwaka mzima waliongezeka kwa takriban asilimia 2 ukubwa wa sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, wakati wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu sehemu hiyo ilisinyaa kidogo.

Lakini ninachokiona kwa macho si kemikali. Ni duara. Mtu anasononeka, anabaki kitandani, misuli inapungua, kufika chooni kunakuwa safari, anajiona mzigo, anabaki kitandani zaidi. Na misuli haisubiri. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, na kila mmoja kwa wastani akapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku kumi! Mazoezi hulikata duara hilo mahali panaposhikika. Moyo huwezi kuuamrisha ufurahi, ila mguu unaweza kuuamrisha ushuke kitandani.

Hana hamu ya chochote. Namwambia twende tukatembee, anasema kesho. Nifanyeje?

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kungoja hamu. Kwa mtu asiye na sonona hamu hutangulia tendo: napenda kuogelea, basi naenda. Kwenye sonona mpangilio umegeuka. Tendo linatangulia, hamu inafuata nyuma, wakati mwingine wiki kadhaa nyuma. Mweleze hivyo waziwazi: "Mama, sikuombi upende. Nakuomba tufanye, kupenda kutakuja au kusije." Wengi husikia nafuu kwa kuambiwa hivyo, maana walidhani kutopenda kwao ni dalili ya kushindwa.

Kosa la pili ni kuanza na kikubwa. Nusu saa ya kutembea, kwa mtu ambaye kuoga tu kumemchosha, ni mlima. Niliwahi kumhudumia mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, ambaye hakuwa ametoka chumbani kwake kwa wiki kadhaa isipokuwa kwenda msalani. Siku ya kwanza sikumwambia habari za kutembea. Nilimwomba avae viatu vyake vya kutokea. Vilikuwa chini ya kitanda, vyeusi, vya kamba, vina vumbi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akapumzika, akainama, akapumzika tena. Vidole vilivyoshona maisha yake yote vilihangaika na kamba ya kushoto kwa dakika nne hivi, nami nikajizuia nisimsaidie, jambo lililokuwa gumu kuliko zoezi lolote nililowahi kufundisha. Alipomaliza nikamwambia, "Basi, mzee, kwa leo tumemaliza." Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, mtu havai viatu akavua. Tufike mlangoni." Tukafika mlangoni. Ndiyo ilikuwa wiki ya kwanza: viatu na mlango.

Usifikiri kila mmoja atasema hivyo. Wengine huvua viatu na kulala. Kesho tunavaa tena.

Kosa la tatu ni swali lenyewe. "Unataka tutoke?" lina jibu moja tu: hapana. Badala yake mpe chaguo ambalo pande zote mbili zinaelekea nje: "Tutoke kabla hujaoga au baada?" Na usitoe hotuba ya faida za mazoezi. Anajua. Kujua hakujawahi kuwa tatizo lake.

Jambo moja zaidi: nenda naye. Usimtume. Mzee anayeambiwa "nenda katembee" anasikia "tuondokee".

Zoezi gani ni bora?

Lile atakalolirudia. Mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zenye watu zaidi ya 14,000 wa umri wote. Kutembea au kukimbia polepole, yoga, mazoezi ya nguvu, tai chi (mazoezi ya polepole ya Kichina) na kucheza ngoma au dansi, vyote vilionyesha kusaidia, na yoga ikaonekana kuwafaa zaidi watu wazima wa umri mkubwa. Waandishi wenyewe walikiri kwamba uhakika wa matokeo hayo si mkubwa, kwa hiyo sitaisimamia orodha hiyo kama ligi ya mpira.

Nikilazimika kuchagua, nachagua mchanganyiko: kutembea kwa ajili ya moyo na mwanga wa nje, mazoezi ya nguvu kwa ajili ya miguu, na kitu kimoja cha pamoja na watu. Hicho cha pamoja usikidharau. Nimeona mtu akihudhuria kikundi miezi mitatu, na ukimuuliza kwa nini, anasema kuna mwenzake mmoja hapo wanayebishana naye. Mabishano hayo ni tiba. Kama masikio yamepungua, yashughulikiwe mapema, maana asiyesikia kikundini huwa mpweke kuliko akiwa peke yake chumbani.

Kiasi gani kwa wiki?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na kuendelea wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli ya nguvu. Siku 2 au zaidi ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli, na siku 3 au zaidi ziwe na mazoezi yanayochanganya nguvu na kusimama imara.

Umeshtuka? Usishtuke. Mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko sifuri, na takwimu zinauunga mkono. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliojumlisha tafiti 15 na zaidi ya watu wazima 190,000 ulionyesha kwamba waliofikisha nusu ya kiwango kinachopendekezwa walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata sonona kwa asilimia 18 kuliko wasiofanya lolote. Waliofikisha kiwango chote, asilimia 25. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida iko kwenye ile hatua ya kutoka sifuri.

"Wastani" utaujua kwa mdomo: anaweza kuongea na wewe, ila hawezi kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo kama anatumia dawa za presha au za moyo za kundi la beta-bloka, kwa sababu dawa hizo huyazuia mapigo yasipande, na utadhani hajafanya kitu kumbe yuko hoi.

Hatuna vifaa. Mazoezi ya nguvu tutafanyaje?

Kiti kinatosha kuanzia. Chukua kigumu, kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta kisiteleze. Mzee akae mbele kidogo, si kule nyuma kwenye maegemeo. Nyayo zote mbili chini, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Hapa ndipo wengi hukosea: wananyoosha miguu mbele halafu wanajiuliza kwa nini hawanyanyuki. Ainamishe kifua mbele hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, asukume sakafu, asimame wima, avute pumzi. Kisha arudi kukaa polepole, akihesabu mpaka tatu, asijitupe. Kule kushuka polepole nako kunajenga misuli.

Akihitaji kujisukuma kwa mikono, ajisukume. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Mara 5 zikiwa rahisi, ziwe 8. Zikiwa rahisi, aache kutumia mikono. Zikiwa rahisi tena, akumbatie kitu chenye uzito kifuani. Uzito lazima upande, la sivyo misuli inazoea na kulala. Usidhani umri umepita: mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wakazi 10 wa makao ya wazee, wote kwenye miaka ya 86 hadi 96, waliofanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Andika idadi kwenye karatasi ukutani. Kwa mtu ambaye sonona inamwambia kila siku kwamba hakuna kinachobadilika, 5 iliyogeuka 8 kwa mwandiko wake mwenyewe ni jambo ambalo sonona haina la kulijibu.

Ana presha, kisukari na magoti mabovu. Si hatari?

Kukaa ndiko kwenye hatari zaidi, lakini amwone daktari kabla ya kuanza, hasa kama moyo umewahi kusumbua, presha haijatulia au ameanguka karibuni. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asifanye mazoezi akiwa na njaa, awe na kitu kitamu karibu, na akaguliwe nyayo kila jioni kwa sababu ganzi huficha vidonda. Magoti yenye maumivu ya kusagika huhitaji misuli ya mapaja iliyo imara. Maumivu yakizidi kidogo wakati wa zoezi na kutulia kufikia kesho yake, endeleeni. Goti likivimba, punguzeni. Mwenye mifupa iliyokonda aepuke kujikunja mbele kwa nguvu na kujipinda ghafla kiuno.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, mapigo yanayokwenda ovyo, kizunguzungu cha kutaka kuzimia: simama papo hapo na utafute msaada.

Anatumia dawa za sonona. Akianza mazoezi aziache?

Asiziache. Kukata dawa hizi ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, wasiwasi, na ugonjwa unaweza kurudi. Dawa na mazoezi havigombani, na mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia yakiongezwa ni bora zaidi. Dawa nyingi huhitaji wiki 4 hadi 6 au zaidi ili zionyeshe kazi yake.

Mawili tu ya kuangalia. Baadhi ya dawa hushusha presha mtu anaposimama ghafla, kwa hiyo ainuke kwa hatua: akae ukingoni, achezeshe nyayo, kisha asimame. La pili, dawa za kundi linalotumika sana leo, ambamo sertraline imo, zinaweza kushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu ya wazee. Akianza kuchanganyikiwa, kulegea au kuyumba baada ya kuanzishiwa dawa mpya, msiseme ni sonona imezidi. Apimwe damu.

Aliwahi kuanguka, sasa anaogopa hata kwenda uani.

Woga huo una akili, usiucheke. Tatizo ni kwamba unamdhoofisha, na udhaifu unamwangusha tena. Anzeni na kusimama tu, ameshika meza imara, anahamisha uzito mguu huu kwenda ule. Kisha kunyanyua visigino. Kisha kusimama mguu mmoja nyuma ya mwingine. Mpango wa mazoezi wa Otago, uliobuniwa New Zealand kwa ajili ya kufanyiwa nyumbani, ulijengwa juu ya mambo rahisi kama haya na kutembea, na umeonyesha kupunguza kuanguka kwa karibu theluthi moja. Viatu viwe vya kufunika kisigino. Ndara ziachwe.

Yuko kwenye kiti cha magurudumu baada ya kiharusi. Kuna la kufanya?

Lipo. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona wakati fulani, kwa hiyo huyu ndiye anayehitaji zaidi. Mkono usiopooza unaweza kuvuta mpira, kusukuma ukuta, kurusha na kudaka. Kiwiliwili kinaweza kujikaza na kujigeuza. Atoke nje na kiti chake. Mpangeni na mtaalamu anayemjua, maana upande uliopooza una sheria zake, na bega la upande huo lisivutwe kamwe wakati wa kumwinua.

Amepoteza kumbukumbu pia. Je, ataelewa?

Si lazima aelewe. Akuige. Saa ileile, njia ileile, maneno machache, na muziki anaoujua. Fahamu tu kwamba upotevu wa kumbukumbu wenyewe unaweza kumzima mtu hamu bila huzuni yoyote, na wakati mwingine sonona huharibu kumbukumbu mpaka ikadhaniwa ni ugonjwa wa kusahau. Kutofautisha ni kazi ya daktari.

Anasema afadhali afe. Mazoezi yatamsaidia?

Si leo. Leo ni hospitali. Katika nchi nyingi wanaume wazee ndio wanaoongoza kwa viwango vya kujiua, na wengi wao hawatishii mara mbili. Muulize wazi: "Baba, umefikiria kujidhuru? Umefikiria utafanyaje?" Kuuliza hakumwingizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Asiachwe peke yake. Dawa, sumu za wadudu, kamba na silaha viondolewe anapoweza kufika. Mzee anayekataa kula na kunywa naye ni wa dharura vilevile, hata asiposema neno.

Akishatulia na kuanza matibabu, viatu vyake vitakuwa palepale.

Kazi za nyumbani zinahesabika?

Kufagia, kupalilia, kubeba maji: mwili unavihesabu. Moyo una masharti. Kazi aliyoichagua na inayoonekana matokeo yake humwinua; kazi aliyolundikiwa humwangusha. Na tafadhali, kwa upendo wenu, msimnyang'anye kila kitu. "Pumzika, mama, tutafanya sisi" imewalaza wengi.

Tumeanza wiki tatu, sioni mabadiliko.

Mapema mno. Tafiti kadhaa nilizozitaja zilikwenda wiki 8 hadi 16. Tena, familia hutafuta tabasamu, nalo huchelewa kufika. Tazama vinavyotangulia: anaamka usiku mara ngapi, ameuliza habari za nani, amechana nywele bila kukumbushwa? Akikatiza wiki nzima kwa mafua, rudini kwenye nusu ya pale mlipoishia, bila lawama. Wiki 8 zikipita na dalili ziko vilevile, au zinazidi wakati wowote, rudini kwa daktari tiba ibadilishwe. Hiyo haina maana mzee hakujitahidi.

Mimi ndiye ninayemuuguza, nami nimechoka. Nina haki ya kusema hivyo?

Unayo. Wauguzaji wa nyumbani wenyewe wamo kwenye hatari ya sonona. Zile dakika mnazotembea naye zihesabu na kwako. Siku nyingine mpe mtu mwingine zamu, utembee peke yako, kwa kasi yako.

Afanye asubuhi au jioni?

Asubuhi ina mwanga, na mwanga hurekebisha usingizi. Lakini wengi wenye sonona huwa wabovu zaidi asubuhi na hupata ahueni kadiri siku inavyokwenda. Mimi huanza na saa yao nzuri, hata kama ni saa kumi jioni, halafu baada ya wiki mbili tatu nasogeza kwa nusu saa nusu saa kurudi nyuma. Mazoezi mazito tu ndiyo yasisogee karibu na saa ya kulala.